Mama Paka na Panya Wenye Dawa

Wewe ungenyamaza?

Usinijibu haraka. Najua utasema ungesema kweli. Sote husema hivyo tukiwa tumeshiba na hatuna mgonjwa ndani. Mimi nauliza hivi: kuna jambo unalijua, na ukilisema, dawa ambayo mumeo anaingojea haitafika mlangoni kwake. Ukinyamaza, itafika. Hakuna atakayekusuta. Ungefanyaje? Namjua mwanamke aliyewekewa swali hilo mchana kweupe, amekaa juu ya ndoo aliyoigeuza, nguo mbichi zikimchuruzika mikononi. Tangu siku hiyo, watu wanaohubiri ukweli kwenye vipaza sauti hunichefua kidogo.

Kazini tulimwita Mama Paka. Jina hilo alipewa na mlinzi wa getini, mtu asiyeweza kumwacha mtu na jina alilozaliwa nalo, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutunza panya wa maabara. "Umeona wapi," mlinzi alimuuliza kila mgeni, "paka analipwa mshahara awalishe panya, na jioni anahakikisha wote wamelala salama?" Mama Paka hakukasirika. Alimjibu, "Na wewe, mbwa wetu, umeamka?" na mlinzi alicheka mpaka kofia ikamwanguka, maana kweli alikuwa amelala.

Kabla ya panya alikuwa ametunza watu maisha yake yote. Shule aliiacha baba yake alipofariki, ili awalee wadogo zake mama akienda vibaruani. Wadogo walipokua, mama akaugua. Akamuuguza hadi mwisho. Akaolewa, akamkuta mama mkwe kitandani. Yule bibi alilala miaka na hakutoka hata kidonda kimoja mgongoni. Kama umewahi kuuguza mtu asiyeweza kujigeuza, unajua nimesema nini hapo. Kazi hiyo haina mahafali. Hakuna anayevalishwa joho kwa kumgeuza mkwewe. Mimi nilivalishwa joho kwa kukariri majina ya sehemu za ubongo, na picha yangu imetundikwa sebuleni kwetu. Yeye hana picha ila ile ya kitambulisho cha kazi, na katika hiyo amefumba macho.

Maabara aliingia kama mfagiaji. Mtunza panya aliyekuwepo alipoondoka, msimamizi akamuuliza, "Mama, unaogopa panya?"

"Naogopa watu," akasema. "Panya hawajanifanya kitu."

Akapewa ufunguo.

Mumewe alikuwa fundi wa kuezeka. Sehemu kubwa ya mabati ya mtaa wao ilipita mikononi mwake, na mvua ikinyesha alikuwa akikaa kibarazani kusikiliza, akitaja mapaa kama mtu anayetaja watoto: lile halivuji, lile nilimwambia jamaa aongeze mbao akakataa, sasa anaweka masufuria. Siku moja ubao alioukanyaga ulikatika akaanguka kichwa mbele kwenye rundo la matofali. Alilala hospitali siku chache, akaamka, akamtania muuguzi, akarudi nyumbani na bandeji. Kila mtu alisema ana bahati. Akarudi juu ya mapaa.

Bahati ile ilikuwa mkopo. Miaka ilipita, akaanza kusahau nyundo, kisha kusahau amepanda kufanya nini, kisha kusimulia hadithi ile ile kabla chai haijapoa. Asubuhi moja alipanda juu ya nyumba ambayo hakuitwa, akaanza kung'oa mabati, na wenyewe wako chini wanakunywa chai. Wakatoka na vikombe mkononi wanapiga kelele. Akawaambia kwa upole, "Samahanini, nimekosea nyumba. Paa langu mwenyewe limeanza kuvuja," akagonga paji la uso kwa kidole. Watu wakacheka. Mkewe hakucheka. Siku hiyo hiyo aliificha ngazi.

Walizunguka kwa madaktari, wakaambiwa ule ule ukweli kwa lugha mbalimbali: kichwa kilichopigwa huweza kuanza kuoza polepole miaka mingi baadaye, na dawa ya kuzuia hakuna. Pahali pasipo na dawa muuza maneno hayuko mbali. Alikuja mmoja na chupa, akasema dawa yake inaziba ubongo kama lami inavyoziba bati. Mama Paka akamnywesha mumewe ile chupa asubuhi na jioni, akimtazama usoni kila siku kama mtu anayetazama chungu kichemke. Ilikuwa maji na majani. "Kilichoniuma si maji," aliniambia mara moja. "Kilichoniuma ni kwamba kwa muda wote ule niliona anapona. Niliona kwa macho yangu haya."

Mimi niliajiriwa pale baada tu ya kumaliza chuo, nikiwa mtafiti msaidizi, kichwa kimejaa mambo. Niliingia nikiamini kwamba ndani ya miaka michache tutawaaibisha wote waliosema maradhi ya ubongo hayana dawa, na bado naamini, kwa hiyo usinicheke. Wiki ya kwanza niligombana na mtu wa stoo kuhusu glavu, na msimamizi kuhusu feni, na mlinzi kuhusu siasa. Mama Paka alikuwa akifagia korido. Akaegemea ufagio, akanitazama.

"Mwanangu, wewe ni kiberiti," akasema. "Ukiguswa tu, fwaa. Njiti zikiisha utawashia nini?"

Basi nikawa Kiberiti, kuanzia getini hadi ofisi ya Profesa.

Profesa alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti, mwenye viatu vilivyolika visigino upande mmoja. Dawa nyingi zilikuwa zimemfia mikononi. Alikuwa akizitaja bila uchungu, kama mtu anayetaja majirani waliohama. Hii mpya haikuwa mpya hasa: ilikuwa dawa ya zamani, iliyowahi kutumika kwa maradhi mengine na watu wakaivumilia vizuri, naye akahisi inaweza kulinda ubongo baada ya kipigo. Kama angekuwa sahihi, isingehitajika miaka na miaka kuipima upya kwa watu. Hilo ndilo lililotufanya tutembee haraka.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Panya hulazwa usingizi wa dawa, kisha kichwa chake hupigwa pigo dogo lililopimwa kwa mashine. Naam, ni jambo la kusikitisha, nami sitalipaka asali. Wakizinduka, baadhi hutiliwa dawa katika chupa ya maji, wengine hupewa maji matupu yaliyokolezwa uchungu ule ule. Vizimba hubandikwa kadi za rangi, na maana ya rangi ilifungwa na mfamasia kwenye kabati lake. Sisi tulioshika panya hatukujua ipi ni ipi. Hiyo ndiyo sheria kuu ya kazi: ukijua nani kapewa dawa, utaona unachotamani kuona. Mwishoni huja mtihani. Panya huwekwa kwenye karai kubwa la maji yaliyotiwa weupe, na chini ya maji pamefichwa kibao anachoweza kusimama. Mwenye kumbukumbu huogelea moja kwa moja hadi kwenye kibao. Aliyesahau huzunguka, huzunguka, huparura ukingo, mpaka unamwonea huruma ukamtoa.

Duru ya kwanza wale wa kadi za kijani walienda kwenye kibao kama watu wanaorudi nyumbani. Mfamasia alipofungua kabati na kusema kijani ndiyo dawa, Profesa alikaa chini. Hakushangilia. Aliomba maji. Mimi ndiye niliyeshangilia, nikatoka mbio hadi chumba cha panya, nikamkuta Mama Paka anabadilisha maranda, yale mabaki ya randa ya seremala tunayowatandikia panya chini.

"Mama! Imefanya kazi! Dawa imefanya kazi!"

Akaweka chini kizimba alichokishika, taratibu, akakiweka sawa ukingoni. "Kwa watu ni lini?"

Nilimwambia alivyosema Profesa: tunarudia mara moja, panya wapya, kila kitu upya. Majibu yakiwa yale yale, hospitali kubwa iko tayari kuanza na wagonjwa wachache, watu walioumia kichwa zamani na sasa wanaanza kusahau. Na Profesa mwenyewe, aliyejua habari za fundi wa kuezeka, alikuwa ametaja jina lake. Kulikuwa na sharti moja. Mgonjwa awe bado anaelewa, anamjua aliye naye, anaweza kukubali kwa kinywa chake.

"Ananijua," akasema Mama Paka upesi, kana kwamba mimi ndiye nitakayeamua. "Watoto anawachanganya. Mimi ananijua."

Nilikwenda kwao Jumapili hiyo, kwa kuwa alinialika nikamwone. Nyumba yao ni ya vyumba viwili, safi, na paa halina hata tundu la msumari. Mzee alinipokea vizuri.

"Karibu, kijana. Umeoa?"

"Bado, mzee."

"Usichelewe. Mwanamume bila mke ni nyumba bila paa: jua lako, mvua yako."

Tukanywa chai. Akanigeukia. "Kijana, umeoa?"

"Bado, mzee."

"Vizuri, usikimbilie. Kuna wake wengine wanavuja."

Mkewe akampiga kofi dogo la bega. Mzee akaudaka ule mkono na kuuweka kwenye shavu lake, akaniambia, "Lakini huyu hapana. Huyu nilimwezeka mwenyewe." Na macho yake yalikuwa mazima kabisa alipokuwa anasema hivyo. Nilitoka pale nimeapa moyoni kwamba yule mtu atapata dawa, hata kama nitaibeba mgongoni.

Panya wa duru ya pili walipofika, fundi akapotea. Alitoka kibarazani asubuhi, akapatikana kesho yake mtaa wa mbali, amekaa chini ya ukuta wa ghala aliloliezeka ujanani, anangoja vijana wake wa kazi waje na mbao. Baada ya hapo hakuweza kuachwa peke yake. Mama Paka akaomba likizo ndefu.

"Haya sasa," mlinzi akatangaza getini, "paka akiondoka, panya hutawala."

Mahali pake akaletwa kijana tuliyemwita Mrefu. Hakuwa mtu mbaya. Alifuata sheria zote zilizobandikwa mlangoni: chakula saa ile ile, maji yale yale, maranda siku zile zile. Panya walipigwa, wakapewa chupa zao, wakangoja, wakaingia kwenye karai.

Wakazunguka. Wote. Kadi za kila rangi zilizunguka, zikaparura ukingo. Kabati lilipofunguliwa, wenye dawa hawakuwa bora hata kidogo kuliko wenye maji.

Profesa akaita kikao cha watu wawili, yeye na mimi. Alikuwa ameshapima dawa yenyewe, ni nzuri. Joto la chumba lilikuwa sawa. Mashine ya kupiga ilikuwa sawa.

"Ni Mrefu!" nikasema. "Ana mikono ya chuma. Anawashika kama anafunga nati. Panya wametishika, Profesa. Duru ya pili tuitupe!"

"Tutupe ya pili kwa kuwa hatuipendi?"

"Tuitupe kwa sababu ni mbovu! Kuna watu wanangoja!"

"Kiberiti," akasema, na hakuwahi kuniita hivyo kabla, "kila dawa iliyonifia ilikuwa na watu wanangoja." Kisha akafikiri. "Haya. Nenda kamuulize mama alikuwa anawatunza vipi. Kila kitu. Kama kuna tofauti, tutaijua, na ikiwa kosa ni la Mrefu, majibu ya kwanza yatasimama."

Nilikwenda nikiwa na furaha. Nilijua nitarudi na ushahidi wa kumzamisha Mrefu.

Nilimkuta uani anafua. Mumewe alikuwa ndani, mlango wazi ili amsikie. Nikamweleza: duru ya pili imeshindwa, tunataka aje aseme Mrefu hajui kazi.

"Mrefu hana kosa. Nilimfundisha mwenyewe sheria zote za mlangoni." Akakamua shati. "Kwani wameshindwa wote? Hata wale wa maranda ya chai?"

"Maranda gani ya chai?"

"Wale wenye dawa. Mkojo wao unayatia rangi maranda, kama umemwagia chai ya rangi. Si mnajua?"

Hatukujua. Maranda machafu hayakuwahi kupita mbele ya macho yetu; yalitoka kizimbani yakaingia mfukoni, na mifuko ilikuwa kazi yake.

"Ulijuaje kwamba hao ndio wenye dawa?"

"Nilibahatisha. Mzee alipopewa vidonge fulani hospitali, alikojoa rangi. Nikasema, na hawa vivyo hivyo."

"Na ulipojua, mama, uliwafanyia nini?"

Hapo ndipo alipogeuza ndoo na kuikalia. Hakuwa na aibu. Alikuwa ananishangaa.

"Niliwauguza. Ulitaka niwafanye nini? Mgonjwa hapewi dawa akaachwa, mwanangu. Niliwatoa mmoja mmoja, nikawaweka kwenye kiganja, nikawapapasa pale kichwani mlipowapiga. Niliwaimbia kidogo. Nilikuwa nawawekea makaratasi ya kuchana wajitengenezee matandiko, na vile vibomba vya ndani ya karatasi ya chooni wapitepite, wasikae wanatazama ukuta. Mkija, naviondoa, maana mlisema vizimba vyote vifanane. Nilifanya kama ninavyomfanyia mzee. Huwezi kumwachia dawa kazi yote."

"Na wale wengine? Wa maji?"

"Wale hawakuwa na dawa. Nilijua ni wa kupotea tu. Nina mikono miwili. Nikaiweka penye tumaini."

Nikamweleza, na sijui kama nimewahi kueleza jambo lolote polepole vile. Panya aliyezoea mkono haogopi mkono. Asiyeogopa hatapatapi majini. Asiyetapatapa hukumbuka kibao kiko wapi. Na panya anayepapaswa na kuchezeshwa, ubongo wake wenyewe huchangamka, dawa iwepo isiwepo. Sikuwa nimefika mwisho alipoinua mkono nikomee hapo.

"Kwa hiyo haikuwa dawa."

"Pengine haikuwa."

"Nilikuwa mimi."

Ndani mumewe akaita, "Mama watoto! Nyundo yangu iko wapi?"

"Iko hapa na mimi!" akajibu, bila kugeuza kichwa, kwa sauti nyepesi ambayo hadi leo sijui aliitoa wapi. Kisha akanikazia macho.

"Anayejua ni wewe na mimi. Tukinyamaza, mkasema ni Mrefu, mzee wangu atapata ile dawa?"

Nilitaka kuusema uongo huo kuhusu Mrefu. Wala sikuutafuta, ulikuwa umeshafika mdomoni.

"Atapata."

"Itamsaidia?"

"Sijui, mama. Labda isimsaidie."

"Na wale wengine wa hospitali watapewa, wake zao watakaa wanawatazama usoni asubuhi na jioni." Akaokota lile shati alilokwisha kulikamua, akalikamua tena, halikutoa hata tone. "Watawaona wanapona. Wataona kwa macho yao. Mimi niliona."

Akamwita jirani aje akae na mzee, akabadili kanga, tukaondoka wote. Njia nzima mimi, Kiberiti, sikuwa na njiti hata moja.

Profesa alimsikiliza amesimama. Alimuuliza maswali machache, ya kikazi, kwa sauti ya chini: mara ngapi kwa siku, vizimba vipi, tangu lini. Mama Paka alijibu yote. Mwishoni Profesa akafumba macho.

"Hukuambiwa kwamba wote watunzwe sawa?"

"Niliambiwa. Niliona ni sheria ya watu wasiouguza."

"Mama, sheria ile ndiyo inayotuzuia tusijidanganye."

"Nimeielewa leo," akasema Mama Paka. "Nisamehe. Nimekuharibia kazi."

Nilitarajia Profesa apige meza. Natamani angepiga. Alizunguka meza, akaishika ile mikono miwili iliyokunjamana kwa sabuni, akaiangalia kama anatafuta kitu ndani yake. "Ungenyamaza," akasema, "ningeipeleka hospitali. Ningeapa ni dawa." Akaiachia. "Lakini siwezi kuipeleka sasa. Unalijua hilo?"

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kwa miguu yangu."

Hapo nikawaka. Nilisema tupime basi mikono! Kama kupapasa kunaamsha ubongo uliopigwa, kwa nini tusiwafunze watu, kwa nini tusiwalipe walio nyumbani na wagonjwa, kwa nini tunatafuta kwenye chupa pekee? Nilisema maneno mengi, mengine siyarudii hapa.

"Hilo la mikono linajulikana tangu zamani," Profesa akasema, amechoka. "Linachelewesha, halizuii. Na mkono haufungwi kwenye chupa, Kiberiti. Wanaotoa fedha za utafiti hununua vinavyofungika."

Nina jibu sasa, nalo ni kwamba hao watoa fedha wamekosea, na nitalisema katika kila chumba nitakachoruhusiwa kuingia, na katika vile nisivyoruhusiwa nitalisemea dirishani. Utafiti wa dawa lazima uendelee. Sina shaka hata chembe. Ila siku dawa itakapopatikana, itamkuta mgonjwa aliye hai, aliyelishwa, asiye na vidonda mgongoni, kwa sababu kuna mtu asiye na joho aliyemfikisha hapo. Huyo naye ni sehemu ya sayansi, mpende msipende.

Mama Paka hakungoja mabishano yetu yaishe. Alikuwa ameshatoka. Mlinzi aliniambia alipita getini akamwambia, "Haya, mbwa wetu, kwaheri ya kuonana," na mlinzi, ambaye hakukosa jibu hata siku moja, alisimama akamfungulia geti lote, lile la magari.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwao kumpa habari ambayo kwangu ilikuwa njema kidogo: hakufukuzwa. Chumba cha panya hataingia tena, lakini kazi ya usafi ipo, na Profesa ameagiza asubiriwe mpaka atakapopata wa kukaa na mzee. Jua lilikuwa bado changa. Nilimkuta mzee peke yake kwenye benchi la kibarazani, amenyolewa ndevu, shati limefungwa vifungo vyote hadi shingoni, hata kimoja hakikurukwa. Jirani alikuwa mlangoni pake akimtupia jicho.

"Karibu, kijana, kaa," akaniambia. Nikakaa.

Mkewe akatokea kwenye kona ya nyumba, anatoka bombani, ndoo ya maji kichwani. Aliponiona alitabasamu kidogo. Mzee akainuka. Aliinuka kwa adabu, kama mtu anavyomwinukia mgeni, akanyoosha shati lake.

"Karibu, mama. Pole na mzigo. Unamtafuta nani?"

Mama Paka alidhani ni utani. Yule mtu alikuwa mtani siku zote. "Nakutafuta wewe," akasema.

Mzee akaona haya. Alinitupia jicho, akarudi kwake. "Mimi? Hapana, mama. Nadhani unamtaka mke wangu. Ametoka kidogo, lakini huyo haendi mbali, sasa hivi atarudi." Akapangusa benchi kwa kiganja, upande wa wageni. "Kijana, mpishe mama akae."

Nikasimama.

Mama Paka alishusha ndoo, akaiweka chini polepole, akaondoa kata ya nguo kichwani. Alimtazama usoni kwa muda. Kisha akaja akakaa pale alipopanguswa, ukingoni, magoti pamoja na mikono juu ya mapaja, kama wanavyokaa watu katika nyumba isiyo yao.

"Asante, baba," akasema. "Nitamsubiri."